Ukoka wa Dokta Alute

Ukimuuliza Dokta Calist Alute anakaa wapi, atakujibu, "Mtoni," kisha atanyamaza kidogo ili neno likuingie. Mtoni ni mtaa wa pembeni mwa Mandewa, mjini Singida, karibu na chuo anachofundisha, na kwa mtu ambaye hajawahi kufika, jina hilo huleta picha ya maji yanayotiririka na ndege wanaoimba. Ndege wapo. Mto nao upo, ila karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na mwezi wa tisa unaweza kuuvuka kwa viatu vya kanisani ukatokea ng'ambo rangi ya viatu ikiwa haijaharibika. Calist analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, maana alipojenga, mchanga wote wa nyumba ulichotwa humo humo. Kwa hiyo akisema anakaa mtoni hasemi uongo. Mto umo ukutani kwake.

Kinachoupendezesha mtaa ni miti. Walimu wa chuo walipoanza kununua viwanja pale, kila mmoja alipanda miarobaini na mikrismasi kuzunguka uzio wake, na sasa upepo wa Singida unaopeperusha mabati kwingine, ukifika Mtoni hupungua nguvu na kuchezea majani tu. Mwezi wa kumi na mbili mikrismasi inapochanua, barabara yote huwa nyekundu. Watu wa Utemini huja kupigia picha za harusi pale, na Calist akipita na gari hupunguza mwendo ili, kama ikitokea, aonekane kwa nyuma.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa ukoka. Kuanzia barazani mpaka getini alikuwa na nyasi za kijani ambazo hakuna mbuzi aliyewahi kuzionja. Alizifuata Arusha, zikaja kwa basi ndani ya magunia yaliyoloweshwa, naye njia nzima akawa anamuuliza kondakta kama zinapata hewa. Kiangazi alizimwagilia maji ya boza, huku mkewe Catherine akioga kwa ndoo moja na kumkumbusha kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na malisho. Jioni Calist alitoa kiti akakiweka pembeni ya nyasi, si juu yake, zisije zikalala, akakaa kuziangalia. Mara moja moja alijiuliza marehemu baba yake, aliyekuwa mfugaji, angesema nini kumwona mwanawe ananywesha nyasi maji na hana hata ndama wa kuzila. Jibu alilijua, kwa hiyo hakujiuliza mara nyingi.

Jambo moja tu lilimharibia raha hiyo, nalo ni mama yake.

Mama Agripina aliishi peke yake Misigiri, kule Iramba, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Msimu uliopita aliteleza uani, akashindwa kuinuka, akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Nyonga haikuvunjika, lakini daktari alisema wazi kwamba mama yule asikae tena peke yake, maana siku nyingine chumvi inaweza isimwishie mtu. Calist alimbembeleza. Alimpigia simu, akaenda mwenyewe, akamtuma mchungaji. Kila mara hoja yake ilikuwa ile ile: "Mama, njoo kwangu, hutafanya kazi yoyote. Utakaa tu." Aliamini kwamba hapo ndipo penye utamu wa mwaliko, kwa hiyo alikazia sauti hapo. Na kila mara mama alijibu kwamba atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Hatimaye alikubali kuja kuwatembelea. "Nafika Jumanne, Jumatatu narudi," alisema kwenye simu. Calist akajiona ana siku chache za kumshawishi, na silaha zake ni nyumba nzuri, mtaa wa miti na ukoka. Alikata nyasi upya kwa heshima ya mama.

Mama Agripina alishuka na kuku wawili na mfuko wa kimea cha uwele, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu. Calist akangoja sifa.

"Ng'ombe wako wapi?" mama akauliza.

"Sina ng'ombe, mama."

"Ah," alisema mama, akaingia ndani.

Walimkalisha kwenye sofa, wakampa rimoti, wakamwekea mto wa mgongoni. Alikaa. Jumatano asubuhi akachoka kukaa, akatoka akasimama getini, khanga begani, kungoja shikamoo za wapita njia, kama anavyofanya kwake. Magari yalipita vioo vimefungwa. Alisimama mpaka vumbi likamweka rangi nyingine, akarudi ndani.

"Calist, hivi huku watu wamehama?"

"Hapana mama, wako kazini."

"Na jioni?"

"Jioni wanakuwa ndani."

"Wanaumwa?"

Calist akaeleza kwamba mtaa wa wasomi ni mtaa wa utulivu, kila mtu anaheshimu nafasi ya mwenzake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jirani wa mkono wa kulia anaitwa nani.

"Mhasibu," alijibu Calist.

"Mama yake alimzaa akamwita Mhasibu?"

Catherine alikimbilia jikoni kucheka. Calist alibaki anafikiri, akagundua kwamba amekaa ukuta mmoja na yule mtu miaka yote hiyo na jina lake analiona tu kwenye kundi la mtaa la WhatsApp, mahali ambapo watu hujulishana kuhusu takataka, umeme na paka waliopotea.

Alhamisi mama alikuwa anahesabu siku za kurudi. Alikunja nguo zake akazipanga kwenye begi, jambo ambalo halikuwa na haraka yoyote. Wakati wa chai akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Jembe langu liko wapi?" Calist alicheka sana, kicheko cha mtu anayefurahia utani wa mzazi wake. Mama hakucheka, na mtu mwenye masikio angelisikia hilo. Calist alikuwa na shahada tatu. Masikio hayakuwemo.

Alfajiri ya Ijumaa mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha. Ardhi ikatoa ile harufu yake, na chini huko mto ukapata maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Mama alikuwa wa kwanza kutoka nje. Calist alimkuta barazani ananusa hewa, uso umemchangamka, na hapo hapo akapata wazo. Mama analalamikia upweke, basi aletewe watu. Wakija mara moja tu wakamwamkia, wakapiga soga, ataona kwamba Mtoni nako kuna binadamu.

"Mama," alisema, "hebu pika togwa, niwaite majirani."

Mama Agripina aligeuka taratibu. "Umesema?"

"Upike togwa. Nyingi. Niwaite mtaa mzima."

Sasa, ieleweke vizuri mtu huyu alikuwa amesema nini. Misigiri, na si Misigiri tu, ukipika togwa mvua ya kwanza ikiwa imenyesha ukawaita majirani, hujawaita kupiga soga. Umewaita kulima. Wao huja na majembe, hulima shamba lako, hunywa togwa yako, na kesho yake wewe huenda kwao na jembe lako. Calist amezaliwa katika desturi hiyo. Akiwa mdogo amelimishwa hivyo mpaka mgongo ukauma. Lakini alipelekwa shule ya bweni mapema, akatoka bweni akaingia chuo, akatoka chuo akaingia chuo kingine, na mahali fulani njiani jambo hilo likamdondoka, wala hakugeuka nyuma kuliokota.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Calist hakuwa amekisikia tangu mazishi ya baba yake. "Kumbe unakumbuka. Waambie waje asubuhi mapema, jua halijawa kali."

Calist akastaajabu kidogo kwamba togwa inanyweka asubuhi hivyo, akaamini wazee wana saa zao. Akaandika kwenye kundi la mtaa: "Ndugu majirani, mama yangu mzazi amewasili kutoka Misigiri. Kufuatia mvua tuliyojaliwa, anapika togwa. Mnakaribishwa kwangu kesho Jumamosi, saa moja asubuhi, bila kukosa." Akausoma tena ujumbe wake akaridhika. Somo lake chuoni ni mawasiliano, na kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba ujumbe mzuri haumwachii msomaji shaka. Ujumbe ule haukumwachia shaka mtu yeyote.

Majibu yalikuja upesi kuliko yale ya paka waliopotea. Profesa Melkizedeki, mstaafu wa nyumba ya kona, aliandika: "Tumepokea kwa furaha. Tutakuja tumejiandaa." Idrissa, yule mhasibu, aliandika: "Kwetu Ikungi tulikuwa tunaanza saa kumi na mbili. Saa moja ni kutuhurumia." Calist akamwambia Catherine kwamba watu wa Ikungi kumbe wanapenda togwa kiasi hicho. Catherine, ambaye alikuwa anamsaidia mama kukoroga sufuria nje kwenye mafiga, alimtazama mumewe, akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye alikiri kwamba alielewa kila kitu, lakini alikuwa amezichoka zile nyasi.

Jumamosi Calist aliamka akavaa koti. Alitandika meza mbili kwenye ukoka kwa uangalifu, miguu ya meza akaiwekea vibao isiumize nyasi, akapanga glasi. Saa moja kamili geti likagongwa.

Alifungua akiwa na tabasamu. Mbele yake alisimama Profesa Melkizedeki amevaa mabuti ya mpira na kofia ya majani, jembe begani. Nyuma yake Idrissa na mkewe, majembe mawili. Nyuma yao Raheli, mkutubi wa chuo, jembe mkono mmoja na mkono mwingine fungu kubwa la marando ya viazi aliyoyatunza kwenye unyevu wa kingo za mto. Na nyuma ya Raheli mtaa mzima, watu ambao Calist alizoea kuwaona nusu nusu kupitia vioo vya magari, sasa wana miguu na magoti kama watu wengine.

"Hodi hapa!" alisema Profesa. "Tuanzie wapi?"

Calist aliona majembe, akaona togwa, akakumbuka mvua, na ile desturi ikamrudia yote kwa pamoja, ikiwa imechelewa miaka mingi na siku moja. Akageuka. Mama yake alikuwa barazani, khanga kajifunga kiunoni, mgongo umenyooka, anapokea shikamoo moja baada ya nyingine na kujibu marahaba kwa kila mmoja. Kisha akamtazama mwanawe. Ulikuwa mtazamo wa mama ambaye kijana wake amemwitia watu.

Neno moja lingetosha. "Jamani, mmenielewa vibaya." Wangecheka, wangekunywa, wangeondoka, na ukoka ungebaki. Na mama yake, aliyeaibishwa mbele za watu, Jumatatu angepanda basi, arudi kwenye ule ua wake wenye utelezi. Calist alizitazama nyasi zilivyong'aa kwa mvua. Hazijawahi kupendeza namna ile. Akamtazama mama. Na hapa ni lazima isemwe, kwa sababu yeye mwenyewe huisema: kwa kitambo kidogo aliwapima, mama upande huu, nyasi upande ule, na mizani ikakawia. Aliona aibu ambayo mpaka leo akiikumbuka hujikuna kichwa.

"Anzieni getini," alisema. "Mje mpaka barazani."

Idrissa alikuwa wa kwanza kuinua jembe. Likashuka, likagonga ukoka, likadunda. "Wallahi huu umeshika!" alisema. Wakaondoa meza, wakajipanga mstari, wakaanza kuinua matuta. Mama Agripina akaanzisha wimbo wa Kinyiramba, waliotoka Iramba na Mkalama wakauitikia, wengine wakaufuata kwa kuguna. Calist alisimama na koti lake. Kila jembe liliposhuka, bega lake nalo lilishuka kidogo.

Raheli alimwona, akamsogelea kwa huruma. "Pole, dokta. Sisi tulikuwa tunapita hapa tunaliona hili pori lako, tunasema maskini, mwenzetu hana muda wa kulima. Tukawa tunaona haya kukuambia."

Calist akashukuru. Miaka yote ile, jioni kwa jioni, alikaa kwenye kiti chake akisikia magari yakipunguza mwendo mbele ya geti, naye akijua moyoni kwamba wanamwonea wivu. Kumbe walikuwa wanamwonea huruma.

Catherine akatokea stoo na jembe, akamkabidhi. Lilikuwa na mpini mpya. "Hili umelitoa wapi?" Calist akamuuliza. "Nililinunua mwaka ulipoletwa ukoka," alijibu, akaenda zake.

Alilima. Tusiseme mengi. Tuta lake lilipinda, likanenepa, likafa katikati. Profesa Melkizedeki, mwenye umri wa kumzaa, alilima hadi kwake, akampita, akamwambia, "Shusha kiuno, bwana, unalima kama unasalimia." Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Mwishowe mama akamwita, akalichukua jembe mikononi mwake, akampa ndoo na kikombe. Basi dokta akashushwa cheo, akawa mgawa togwa. Kazi hiyo aliimudu.

Mama mwenyewe hakulima, nyonga ilimkataza. Alikaa kwenye kigoda mwanzo wa kila tuta, akayakata marando na kuyachomeka, akisogeza kigoda taratibu. Calist alipomletea kikombe alimkuta anatabasamu na udongo hadi viwikoni.

"Mama, usijichoshe. Ingia ndani ukakae."

Tabasamu likaondoka. Mama aliweka kikombe chini.

"Tangu nianguke, Misigiri hawaniiti tena," alisema. "Watu wanalimiana, mimi nasikia nyimbo nikiwa ndani. Togwa wananiletea nyumbani, kikombe kimoja, wananiambia, bibi, wewe kaa tu. Nakaa. Nikasema labda kwa mwanangu kutakuwa na nafuu. Simu ikalia, mwanangu akaniambia, njoo, utakaa tu."

Calist alishika ndoo hakujua aiweke wapi. Maneno hayo yalimuuma. Aliuona mwaka mzima wa simu zake, alivyokazia sauti pale pale palipomuumiza mama yake, halafu akikata simu anamlaumu kwa ukaidi. Akainama, akachukua rando, akauliza linachomekwa vipi. Mama akamwonyesha. Akalichomeka kichwa chini. Mama akalichomoa, akaligeuza, akamwonyesha tena.

Jua lilipokuwa kali kazi ilikuwa imekwisha. Mahali pa ukoka palikuwa na matuta kutoka getini mpaka barazani, yamenyooka yote isipokuwa moja. Watu walikaa barazani wakanywa, wakabishana kuhusu mvua, wakaulizana makwao. Walipoinuka kuondoka, Raheli alimwendea mama.

"Mama, Jumamosi ijayo kwangu. Uje utupandie."

"Na inayofuata ni kwangu," alisema Idrissa. "Togwa usitunyime."

Mama Agripina alijifuta mikono kwenye khanga. "Nitakuja," alisema.

Calist alisikia. Begi lilikuwa limepangwa, basi lilikuwa la Jumatatu, na mama amesema atakuja Jumamosi. Labda ni adabu tu, mtu akialikwa hukubali. Alitaka kuuliza, akaogopa. Mchana akaogopa, alasiri akaogopa, akapita mara kadhaa mbele ya chumba cha mama bila kuthubutu kuchungulia kama begi liko kitandani au sakafuni. Mtu mzima, mwalimu wa mawasiliano, ameshindwa kumuuliza mama yake swali moja.

Jioni Catherine alipakua ugali na kuku mmoja wa wale wa Misigiri. Mama ndiye aliyeombea chakula, kwa Kiswahili, ili mkwewe aelewe.

"Bwana, asante kwa mvua. Asante kwa watu waliokuja. Umbariki Raheli na marando yake. Umbariki Idrissa katika imani yake, ana mkono mzuri. Yule Profesa umpunguzie maneno. Na huyu Calist ambaye nimehamia kwake leo, Bwana, umfundishe kushika jembe kabla ya palizi, maana hawa sasa ni majirani zangu na mimi sitaki aibu. Amina."

"Amina," alisema Catherine.

Calist alibaki amefumba macho, na machozi yakatoka hivyo hivyo, yakamshuka mashavuni mpaka kwenye kola. Catherine akainamia sahani yake. Mama Agripina alimtazama mwanawe kwa muda, akanyoosha mkono wake wenye udongo kwenye kucha, akamshika bega.

"Usizililie nyasi, mwanangu," alisema kwa upole wa kweli. "Ukoka haufi."